Mama Angela Afungua Boneti

Theopista alijifunza kuendesha gari akiwa tayari ni bibi wa mjukuu. Kabla ya hapo hakuona sababu. Gari la nyumbani lilikuwa na dereva wake, naye ni mume wake, Polycarp, mtu ambaye hakuwahi kumwachia mwingine usukani: si shemeji, si mkwe, wala padri wa parokia siku ile alipoomba alisogeze kidogo tu lisizibe mlango wa kanisa.

Wawili hao walishuka mjini kutoka Kibosho wangali vijana. Polycarp alipata kazi kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, akaifanya mpaka akastaafu. Theopista alianza kwa kutembeza mashuka mkononi, ofisi moja hadi nyingine, akaja kupata fremu yake ya duka mtaa wa Narung'ombe, ambako mpaka leo anauza mapazia kwa jumla na rejareja. Wateja wengi hawalijui jina lake la ubatizo. Wanamwita Mama Angela, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ukiulizia pale Kariakoo duka la Mama Angela wa mapazia, utapelekwa hadi mlangoni.

Kwao ni Mchafukoge, kwenye ghorofa la zamani lenye uwa wa saruji katikati, ambamo wapangaji huanika nguo na kuegesha magari machache. Wao wako ghorofa ya kwanza. Chini yao wanakaa Mzee Mbaruk na mkewe Bi Mauza, wenye asili ya Uarabuni, ambao ukoo wao umefanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu wa babu zao. Wanauza tende, lozi na viungo, na Bi Mauza ana mkono wa haluwa unaojulikana hadi Upanga.

Kila Jumamosi asubuhi Polycarp alikuwa akishuka uwani, anafungua boneti la gari, anasimama mbele yake mikono nyuma. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena, anatikisa kichwa taratibu kama daktari aliyeridhika na mgonjwa wake. Kisha anafunga. Majirani wakaanza kumwita Injinia, naye hakulikataa jina. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa humo ndani.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Mwanzoni alilalamika kwamba taa za mjini siku hizi zimefifia. Baadaye akasema magazeti yamebadilisha wino. Hakusema neno lolote kuhusu macho mpaka jioni moja alipoegesha gari vizuri kabisa kwenye uwa wa ghorofa la jirani, akalifunga, akapanda ngazi na kuhangaika na ufunguo kwenye mlango wa watu. Wenyewe walimfungulia, wakamkaribisha chai, kisha mmoja wao akamsindikiza hadi kwake. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limekomaa.

Theopista hakumwambia kitu. Alikwenda kujiandikisha kwenye shule ya udereva, akawa anatoroka dukani mchana. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa aitwaye Severa. Siku ya kwanza Severa hakumpa hata ufunguo. Alimfungulia boneti, akamwonyesha kimoja kimoja: hapa maji, hapa oili, hapa betri, na hapa, kwenye boksi hili jeusi lenye bomba nene la mpira, ndipo injini inapovutia pumzi.

"Mama, hii nayo inapumua kama wewe," Severa alimwambia. "Ukiiziba pua, utaikanyagia mafuta mpaka mguu uume na haitakwenda."

Siku alipoiweka leseni mezani karibu na sahani ya chakula, Polycarp aliinua kile kikadi, akakisogeza mbali, akakileta karibu, akashindwa kusoma. Aliuliza ni cha nani. Alipojibiwa, alikirudisha mezani, akasema kwamba basi ajue kuwa gia ya pili huwa inakataa kidogo asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji. Kesho yake, walipolifungua, Polycarp aliona ukungu mweupe tu. Daktari alimweleza kwamba jicho limevimba kwa sababu ya operesheni, uvimbe utashuka, na lifunikwe kwa kifuniko cha plastiki siku chache. Baada ya hapo akivue mchana na kukivaa wakati wa kulala. Asiiname, asinyanyue kitu kizito, akae mbali na vumbi. Siku hizo chache zikapita. Polycarp hakukivua. Akiulizwa anasema bado, vumbi la mjini ni jingi. Theopista alimwelewa bila kuambiwa. Baba yake Polycarp alimaliza maisha yake Kibosho akiongozwa kwa mkono hadi kibarazani na kurudishwa kwa mkono. Maadamu kifuniko kipo usoni, hakuna anayeweza kusema jicho limekataa. Kwa hiyo akawa anatumia lile la kushoto, lenye ukungu wake, na kuambaa na kuta.

Walipokuwa wanarudi kutoka kuchukua dawa ya matone hospitalini ndipo gari lilipowaaibisha. Theopista alikuwa anapanda daraja la juu pale Tazara. Alikanyaga mafuta, gari likavuma, lakini halikwenda. Akarudisha gia, likavuma zaidi na kuzidi kusinzia. Nyuma yake honi zikaanza. Polycarp, aliyekuwa amekaa kushoto akikanyaga breki ya kufikirika, aligeuza sikio dirishani.

"Hiyo iliyotupita ni bajaji?" aliuliza.

"Ni bajaji."

"Ina abiria?"

"Wamejaa, na mzigo juu."

Polycarp akapandisha kioo cha dirisha.

Jambo lenyewe lingeweza kusubiri, lakini Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ubatizo wa mtoto wa Angela, huko Mlandizi. Ni mjukuu wao wa kwanza, na Theopista alikuwa ameshaahidi kupeleka mapazia ya ukumbini, masufuria makubwa mawili ya kuazima na haluwa ya Bi Mauza, ambaye naye alialikwa. Mzigo wa namna hiyo huwezi kupanda nao basi. Wakakaa kulijadili gari. Polycarp alisema tatizo ni mafuta machafu waliyowekewa. Mzee Mbaruk, aliyepanda kumjulia hali mgonjwa, alidhani ni gia boksi. Fundi wa siku zote wa Polycarp, wa mtaa wa Gerezani, alikuwa msibani Tabora na simu yake haipatikani.

Theopista aliwasikiliza huku akipangusa meza, na kilichomfungua akili ni kile kitambaa. Aliipangusa asubuhi, na sasa kitambaa kimetoka kijivu tena. Ghorofa la upande wa pili wa mtaa lilikuwa limebomolewa ili lijengwe refu zaidi, kama kila kona ya mji siku hizi, na kwa miezi yote ile vumbi la saruji lilikuwa linaingia kila mahali: kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye feni. Dukani kwake alikuwa anateremsha feni kila mara kuiosha, maana ikijaa vumbi inazunguka tu bila kutoa upepo. Na gari lilikuwa limelala hapo uwani wiki kadhaa kabla hajapata leseni, likivuta vumbi hilohilo. Akamkumbuka Severa na lile boksi jeusi.

Aliwaambia anadhani ni kichujio cha hewa, kile ambacho mafundi wa mjini wanakiita eakilina. Akasema atakibadilisha mwenyewe.

Polycarp alipinga. Alisema wasubiri apone, atakifanya yeye. Theopista alimkumbusha Jumapili. Polycarp akasema basi atafutwe fundi mwingine. Theopista akamjibu kwa upole kwamba hataki fundi asiyemjua aliguse gari ambalo mume wake amelitunza miaka yote. Mwishowe Polycarp alikubali kwa sharti kwamba ashuke naye, akae kwenye kiti, aelekeze.

Jumamosi asubuhi Theopista alimwachia msichana wa dukani ufunguo, akapita kwanza kwenye maduka ya spea, upande wa Msimbazi. Aliingia la kijana mmoja, Hillary, ambaye shangazi yake ni mteja wake wa mapazia.

"Shikamoo mama," Hillary alimsalimia, akimfutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nataka eakilina ya gari dogo. Jeupe."

Hillary alicheka kidogo, kwa heshima. "Rangi hainisaidii, mama. Haya magari kwa nje yanafanana, ila ndani kila moja na injini yake. Nikikupa ya kubahatisha haitakaa. Kaivue ya zamani uniletee, tuipime hapa."

Theopista hakubisha. Ni watu wangapi yeye mwenyewe amewarudisha nyumbani wakapime dirisha kwanza. Akageuza njia, akajipenyeza kati ya wasukuma mikokoteni na wauza maji, akarudi Mchafukoge mikono mitupu lakini moyo umetulia.

Alimkuta Polycarp ameshateremshwa na Mzee Mbaruk, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye kivuli cha ngazi, kifuniko kimebandikwa usoni kwa plasta mpya. Bi Mauza alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele kwenye ungo, na hakujificha kwamba amekuja kutazama. Juu, kwenye vibaraza, nguo zilianza kuanuliwa na watu ambao kwa kawaida huanua jioni.

Theopista alikuwa amevaa kitenge chake cha kazi za nyumbani, cha bluu, kilichopauka kwa kufuliwa. Alivuta kile kishikio kilichoko chini ya usukani, boneti likaruka kidogo. Akaligusa kwa ndani kutafuta kikwamisho, akakipata, akalinyanyua na kuliegemeza kwenye chuma chake. Harufu ya oili na vumbi ikampanda puani. Alitazama na kulijua boksi palepale, na lile bomba lake nene. Lakini aliona si vizuri kuanza bila mwelekezaji wake.

"Baba Angela, naanzia wapi?"

Polycarp alikohoa. "Kuna boksi jeusi upande wa kushoto, karibu na betri. Fungua hilo."

Theopista alifungua alichoambiwa. Ndani yake kulikuwa na fyuzi, zimejipanga nyekundu, bluu na njano kama pipi za dukani. Alizitazama. Kisha alimtazama mumewe, aliyekaa wima kabisa, mikono juu ya magoti, akisubiri. Akaelewa mara moja kwamba huyu mtu, kwa Jumamosi zote hizo, alikuwa hajui kinachokaa wapi zaidi ya kile kijiti cha oili. Bi Mauza alikuwa amesimamisha kuchambua mchele. Juu, mtu alikuwa ameshika shuka lake bila kulikunja.

Theopista alikirudisha kifuniko cha fyuzi taratibu mpaka kikalia.

"Nimeziona fyuzi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ulitaka nijue zilipo ili nisizimwagie maji nikianza kusafisha, eti?"

"Hasa," Polycarp alisema. "Umeme ni wa kuujua kwanza. Sasa nenda kwenye hewa."

"Naenda."

Bi Mauza akarudi kwenye mchele wake akiwa amejiuma mdomo.

Boksi la hewa lilifungwa kwa vibanio vya chuma pembeni. Cha kwanza kilifunguka kwa kidole. Cha pili nacho. Cha nyuma kilikuwa kimeshika kutu, akakipenyezea bisibisi ndogo ya cherehani na kukikwanyua polepole, akiogopa kukivunja. Kikaachia kwa mlio mkavu. Akanyanyua mfuniko kiasi, maana bomba lilikuwa bado limeushika, akaingiza mkono na kukivuta kichujio.

Kilitoka kizito. Karatasi yake ya mikunjo, ambayo Severa alimwambia huwa nyeupe, ilikuwa na rangi ya sakafu ya kinu, na upande wa chini ilikuwa imetafunwa kona nzima. Kutoka humo zikadondoka nyuzi, vipande vya vitambaa, na lozi.

Theopista aliinama kuangalia zaidi. Chini ya boksi, mahali ambapo hewa inaingilia, kulikuwa na kitanda kamili: mabaki ya mapazia aliyokuwa akiyaweka kwenye buti, yametafunwa vizuri na kuzungushwa kama kiota, na kando yake akiba ya lozi zilizomenywa. Alikuwa anataka kumwita Bi Mauza aje aone, kwa kuwa mama huyo alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na kunguru wa mtaa, akiwatuhumu kumwibia lozi anazoanika kwenye sinia. Hakuwahi. Kile kitanda kikatikisika, na panya mkubwa akaruka kutoka humo, akapita juu ya betri, akaanguka kwenye saruji na kukata uwa mzima.

Theopista alirudi nyuma akapiga teke ndoo. Ungo wa Bi Mauza ukaenda upande wake na mchele upande wake. Mzee Mbaruk, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua mwaka mzima, alionekana amesimama juu ya kigoda. Polycarp alisikia vurugu, akasikia kitu kimepita karibu na ndala zake, akanyanyua miguu yote miwili hewani, na kwa kutaka kujua kiumbe hicho kimeelekea wapi akashika kile kifuniko cha plastiki na kukibandua usoni pamoja na plasta yake.

"Ameingia chini ya ngazi," alisema. "Kule kwenye tofali lililovunjika. Mkia wake umekatika ncha."

Wote waligeuka kumtazama yeye. Miguu yake ilikuwa bado hewani. Aliishusha mmoja baada ya mwingine. Alilitazama lile tofali. Akatazama punje za mchele zilizotawanyika kwenye saruji, akainama kidogo, akakumbuka kwamba amekatazwa kuinama, akainuka. Akafumba jicho la kushoto kwa kiganja na kubaki na la kulia peke yake.

Theopista alisogea mbele yake, kichujio bado kimening'inia mkononi.

"Baba Angela, unaona?"

Polycarp alimtazama kuanzia usoni kwenda chini, kisha akarudi juu.

"Hicho kitenge chako," alisema, "kina ndege."

"Kina ndege tangu nilipokinunua."

"Miaka yote hii nilidhani ni maua."

Theopista alitaka kucheka, ikatoka nusu kicheko na nusu kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono wa vumbi na kujichora mstari mweusi shavuni. Polycarp akamwambia kuhusu ule mstari. Akamwambia pia kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe pale mbele, na zimempendeza. Mzee Mbaruk aliteremka kwenye kigoda, akamshika bega rafiki yake, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Bi Mauza alikuwa amechuchumaa anakusanya mchele, analia waziwazi na kucheka, akisema mtu awaombe radhi kunguru kwa niaba yake.

Safari ya kurudi kwa Hillary ilitakiwa kuwa ya haraka, lakini Polycarp alisema anakwenda naye. Theopista alimvalisha miwani ya jua na kofia kwa ajili ya vumbi, akafunga kile kichujio kwenye mfuko, wakatoka. Hawakufika haraka. Polycarp alisoma kila kibao. Alisoma vibao vya mitaa, alisoma majina ya maduka, alisoma "Tumehamia juu" na "Mali ikiuzwa hairudishwi", alisoma maandishi kwenye matenga ya mayai na migongoni mwa fulana za wapiga debe. Pale kwenye kona ya wauza viatu alisimama katikati ya njia, watu wakimpita kulia na kushoto, akitazama safu ya kandambili za plastiki za rangi zote zilizoning'inizwa mpaka juu, na Theopista hakumharakisha. Alimshika mkono kwa mazoea, halafu akauachia, na Polycarp akaendelea kutembea katikati ya njia, mbali na kuta.

Walipokaribia Msimbazi alipunguza mwendo.

"Lile boksi la kwanza," alisema bila kumtazama. "La fyuzi."

"Limefanya nini?"

"Nilijua ndilo lenyewe."

"Najua ulijua."

Akacheka mpaka akalazimika kusimama, naye Theopista akacheka, na muuza ndimu aliyekuwa karibu akacheka kwa kuambukizwa tu.

Hillary alikipokea kichujio cha zamani kwa vidole viwili, akaitazama ile kona iliyoliwa, akauliza kama gari limefugiwa mifugo. Akaleta maboksi matatu, akavitoa vichujio kimoja kimoja na kukilinganisha kila kimoja na kile kichafu, urefu kwa urefu, mpira kwa mpira. Cha tatu kililingana sawasawa. Theopista alikibonyeza ukingo kama anavyobonyeza pindo la pazia, kuangalia kama mpira ni mlaini na umezunguka wote. Wakapatana bei bila kelele. Hillary akawashauri wazibe njia ya panya kwa kipande cha wavu wa chuma wenye matundu, hewa ipite na mkia usipite, akawakatia kipande bure.

Uwani walikuta watazamaji wamebaki na wengine wameongezeka. Theopista alitoa kile kitanda cha panya na kukitupa, akalipangusa boksi kwa kitambaa chenye unyevu mpaka likang'aa, akahakikisha hakuna uzi ulioingia upande wa injini. Akauweka wavu kwenye mdomo wa hewa na kuufunga kwa waya. Kisha akakilaza kichujio kipya. Kilikuwa cheupe kama karatasi ya barua, na alipokilaza kikaingia vizuri, lakini mfuniko ukagoma kushuka. Akautoa, akaurudisha. Ukagoma tena. Alianza kufikiri kwamba Hillary amekosea.

Polycarp alikuwa amesimama kando yake, mbali kiasi na vumbi, mikono nyuma kama ilivyo desturi yake. Alinyoosha kidole.

"Mpira umejikunja kona ile ya nyuma. Pale kwenye bomba. Umebanwa."

Theopista alipitisha kidole na kweli, ukingo ulikuwa umejipinda pale, mahali ambapo yeye kwa pale alipokuwa amesimama hakuweza kuona. Akaunyoosha. Mfuniko ukashuka wenyewe. Vibanio vikalia kimoja, cha pili, na kile chenye kutu kwa msaada wa bisibisi. Hakuna mtu pale uwani aliyecheka wakati huo. Polycarp alitikisa kichwa chake cha daktari, na safari hii alikuwa na haki nacho.

Gari likawashwa. Sauti ilikuwa nyingine, ya chini na nyepesi, kama mtu aliyepona mafua. Theopista alikanyaga mafuta kidogo na injini ikaitika papo hapo. Watu wa vibarazani wakarudi kwenye nguo zao.

Mlandizi walikwenda kesho yake alfajiri kabla ya foleni, wameketi watatu, Bi Mauza nyuma na sinia la haluwa mapajani, Mzee Mbaruk akiwa amebaki kulinda duka. Gari halikusinzia hata mahali pamoja. Polycarp alisoma vibao vyote hadi Kibaha, kisha akachoka kusoma akawa anatazama tu. Walipofika, Angela alimpa mtoto. Alikuwa amembeba mara kadhaa kabla ya hapo, na kila mara alisema ni mtoto mzuri, kama mtu asemavyo. Sasa alimgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamchunguza masikio, akamchunguza kucha, akamchunguza nyusi ambazo zilikuwa bado ni kivuli tu. Alimwambia Angela kwamba mtoto ana masikio ya mama mzazi wa Theopista, yaliyochongoka kwa juu, na Angela akamjibu kwamba kila mtu ameshasema hivyo. Polycarp akasema yeye hajasema, na ndiyo anasema leo.

Jicho la kushoto lilipangiwa kufanyiwa upasuaji kabla ya mwezi kwisha, na safari hii Polycarp mwenyewe ndiye aliyeulizia tarehe.

Bi Mauza hakusema mengi njiani wakati wa kurudi. Alikuwa amehamia kiti cha mbele, maana Polycarp alitaka kulala nyuma, na muda wote aliitazama miguu ya Theopista ilivyokuwa inafanya kazi chini ya usukani. Walipoingia mjini aliuliza kama huyo mwalimu, Severa, anapokea wanafunzi wa umri wowote. Theopista alimwambia anapokea. Bi Mauza akauliza kama kweli siku ya kwanza mtu hagusi ufunguo, anaonyeshwa boneti tu. Theopista akamwambia ni kweli. Bi Mauza akasema hilo ni zuri, kwa kuwa gari la Mzee Mbaruk nalo halijafunguliwa siku nyingi, na huko ndani hajui anaishi nani.

Jumatatu mchana, Theopista alimwachia tena msichana wa dukani ufunguo. Alimpitia Bi Mauza mlangoni kwake, akamkuta amevaa baibui jipya na viatu vya chini, amekwishamwambia mumewe kwamba anakwenda kuchagua mapazia, na wakaondoka pamoja.